Herufi Nene ni za Kuumeni

Mtu wa umri wangu hastaafu, najua. Sijaota mvi hata moja, na mamangu akisikia neno hilo hucheka mpaka akakaa chini. Lakini daktari ameuangalia mkono wangu wa kulia, akaukunja, akaukunjua, akasema kazi ya kompyuta basi. Duka letu la kupiga chapa linahama kutoka Mji wa Kale kwenda Ganjoni, na mimi sihami nalo. Kwa hiyo nyinyi wawili mnaobaki na mashine zangu, haya ndiyo ninayoyajua. Si mengi. Mengine bado siyaelewi, na nitawaambia nikiyafikia.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na sikuajiriwa kwa kompyuta. Niliajiriwa kukunja kadi za harusi. Duka lilikuwa vile vile mlivyolikuta: mlango mwembamba wa Kibokoni, joto, harufu ya wino na ya kahawa ya jirani. Nyuma kabisa alikuwa Mzee Charo, Mgiriama wa Rabai, fundi wa kupanga herufi za chapa, zile za madini ya risasi, tangu kabla sijazaliwa. Alisimama mbele ya kasha lake la vyumba vidogo vidogo, mkono ukienda wenyewe kama wa mama anayechambua mchele, na kila herufi aliyoichukua ilikuwa ndiyo aliyoitaka.

Siku yangu ya kwanza nilimsalimu kutoka mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaogopa nini?"

"Kukosea."

"Utakosea. Haya, kunja kadi."

Mwenye duka alipoleta kompyuta kutoka Dubai, hakuna aliyetaka kuigusa. Kitabu kilichokuja nayo kilikuwa cha mashine nyingine. Mimi niliyekuwa nikiogopa kukosea kukunja kadi ndiye niliyekaa mbele yake, kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote na sikuwa na pa kukimbilia. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kubofya kitu, kuona kilichoharibika, na kulia kidogo chooni.

Kilichonichanganya zaidi ni kunakili na kubandika. Nilikuwa nikiandika kadi, jina la bibi harusi kwa herufi za nakshi, la baba yake kwa herufi nene, tarehe katikati. Kisha nikinakili maneno yale na kuyabandika kwenye faili jingine, yalifika yote yakiwa sawa, membamba, yamejipanga kushoto, kama abiria walioshuka forodhani na mizigo yao imebaki Zanzibar. Kesho yake nikifanya vile vile, yalifika na mapambo yote. Keshokutwa yalifika nusu: unene upo, katikati haipo. Nilidhani ni umeme. Nilidhani ni vumbi, nikaifunika mashine kwa kitambaa cha mezani cha mamangu. Nikaanza kusema bismillahi kabla ya kubonyeza, na siku ambayo maneno yalifika salama nilikumbuka niliketi vipi, ili kesho niketi vivyo hivyo.

Mzee Charo alinitazama kwa muda mrefu.

"Mimi nikiihamisha herufi nene kutoka ukurasa huu kwenda ule," alisema, "inafika nene. Ni risasi. Itakwenda wapi? Hiyo yako inafika vipi?"

"Inategemea, mzee."

"Inategemea nini?"

"Sijui."

"Basi hiyo si kazi, ni bahati nasibu."

Jambo moja nililigundua kwa bahati, na nawapa bure. Mwisho wa kila aya kuna alama isiyoonekana, ile inayoingia ukipiga kitufe cha kushuka mstari. Umbo la aya limehifadhiwa ndani ya alama hiyo: kukaa katikati, nafasi ya juu, nafasi ya chini. Ukinakili maneno ukaiacha alama, umeacha nyumba umechukua watu. Yavuteni maneno pamoja na alama yenyewe. Nilipoligundua hilo nilikwenda kumwambia Mzee Charo nikikimbia, na akanitazama kama niliyemletea habari ya kuwa bahari ina chumvi.

La pili nililoligundua ni staili. Badala ya kunenepesha mstari mmoja mmoja, unatunga umbo lako mwenyewe, unalipa jina, na kila mstari unaoupa jina hilo unavaa umbo lile. Kwa mtu wa tabia yangu hii ilikuwa neema. Sikulala na shaka kuwa mstari fulani wa ukurasa wa nyuma ni mnene kidogo kuliko wa mbele. Nilikuwa na staili ya jina la bwana harusi, staili ya jina la bibi harusi, staili ya "mnakaribishwa nyote". Nilijiona nimefika. Ndipo akaja Bi Mwanasha.

Nyinyi mmemwona akiwa mkimya, kwa hiyo hamjui. Bi Mwanasha alikuwa ndiye sauti ya vugo ya mtaa wetu. Harusi ya Mji wa Kale bila vugo lake watu waliihesabu kama nikaha tu. Wanawake hujipanga mistari miwili wakitazamana, kuumeni huku, yaani watu wa bwana harusi, na kukeni kule, watu wa bibi harusi, wakigonga pembe za nyati kwa vijiti na kurushiana maneno ya nyimbo. Huyu anatukana upishi wa bibi harusi, yule anatukana kanzu ya bwana harusi, na katikati alisimama Bi Mwanasha. Nyimbo nyingi ni zake mwenyewe. Yeye ndiye aliyewapa kila upande mstari wake kabla ya kuuimba, na yeye ndiye aliyeimba ule mstari wa kuwapoza wote wasije wakagombana kweli.

Kisha akapasuliwa kooni. Alipona, alhamdulillahi, lakini sauti haikurudi. Alibakiwa na mnong'ono, na ukitaka kuusikia lazima uinamishe sikio.

Aliingia dukani asubuhi moja, buibui limekunjwa begani, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuniita kwa kidole. Kwake yeye njoo ni ndoo.

"Ndoo, mwanangu. Mjukuu wangu yuwaolewa. N'nataka kijitabu cha nyimbo zangu, kila mtu na chake mkononi. Mimi siwezi tena kuwaambia huyu aimbe hili na yule aimbe lile. Kijitabu kitawaambia."

"Inshallah, Bi. Tutaandika pembeni: kuumeni, kukeni."

Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Asilani! Walimfanyia hivyo mwenzangu wa Kuze. Wanawake wakaimba na hayo majina. 'Kuumeniii, mwana wenu!' Watu walicheka mpaka pembe zikaanguka."

Tukakubaliana. Maneno ya kuumeni yawe kwa herufi nene, maana watu wa kuumeni, alisema, huja na kishindo. Ya kukeni yawe kwa herufi za mlalo. Na ule mstari wake yeye, wa kupoza, uwe mkubwa kuliko yote na upigwe mstari chini.

"Huo ataimba nani, Bi?" nikamuuliza.

"Ataimba binti yangu, akiweza. Asipoweza, uandike tu. N'nataka niuone upo. N'nataka siku ya mjukuu wangu nyimbo zangu zitoke kama zilivyo, kila upande na lake, hata kama mimi niko kimya. Umenifahamu?"

Nilimfahamu. Na kwa sababu nilimfahamu, usingizi ulikatika.

Nyimbo zilikuja mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la nyimbo ambazo kuumeni ndio huanza. Nikafungua faili, nikatunga staili tatu. Ya anayeanza nikaiita "Kwanza", ikawa nene. Ya anayejibu nikaiita "Pili", ikawa ya mlalo. Ya tatu nikaiita "Bibi", kubwa, imepigwa mstari chini. Nikaandika:

**Mwatupa mtoto gani, asojua kupika uji!**

*Na mwanenu kaja kuposa kwa kanzu ya kuazima!*

Baada ya siku kadhaa alileta fungu la pili. Hizi zilikuwa nyimbo ambazo kukeni ndio huanza. Nikafungua faili jingine, safi, maana sipendi kuchanganya. Anayeanza nikamwita tena "Kwanza", kwa sababu ndiye wa kwanza na mimi ni mtu wa utaratibu. Lakini hapa anayeanza ni kukeni, kwa hiyo "Kwanza" ya faili hili nikaifanya ya mlalo, na "Pili" nikaifanya nene. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa sawasawa: kuumeni nene, kukeni mlalo, katika faili zote mbili. Nilifurahi mwenyewe kwa unadhifu ule. Mnaojua kompyuta kunishinda mmeshaanza kushika vichwa. Mimi sikujua.

Ikabaki kuunganisha. Nilifungua faili la kwanza, nikaenda mwisho wake, nikavuta fungu lote la pili pamoja na alama zake zisizoonekana, nikasema bismillahi, nikabandika.

Yakafika na mapambo yake. Nene zilikuwepo, za mlalo zilikuwepo, mistari ya Bibi ilikuwepo, mikubwa, imepigiwa mstari. Nilikuwa nimejiandaa kuona abiria bila mizigo, na mizigo yote imefika! Niliinuka nikampa Mzee Charo mkono. Hakujua ni wa nini, lakini aliupokea.

Kisha nikasoma rasimu kwa njia aliyonifundisha yeye, na ndiyo njia bora hadi leo: kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja kinyumenyume, ili maana isikudanganye macho. Ukisoma kwa maana, jicho linaona linalotarajia. Ukisoma kinyumenyume unaona herufi tu. Niliona kila herufi. Nilirekebisha mkato mmoja uliokuwa umeinama. Mzee Charo naye akasoma kinyumenyume, hakuona kosa. Hapakuwa na kosa la herufi. Tukapiga chapa, tukabana pini, Bi Mwanasha akaja akapapasa jalada kwa kiganja, akafungua ukurasa wa mstari wake, akaupitisha kidole, akafunga. Hakusoma zaidi. Alizijua kwa moyo, angesoma za nini?

Nilialikwa. Vugo lilikuwa baada ya alasiri, uani kwa kina bibi harusi, turubai juu, mikeka chini. Bi Mwanasha alikuwa kwenye kiti katikati ya mistari miwili, pembe mapajani. Wanawake wa kuumeni walifika na kishindo kama alivyosema. Kila mmoja akapewa kijitabu, na binti yake Bi Mwanasha akatangaza: "Jamani, herufi nene ni za kuumeni, za mlalo ni za kukeni. Na mimi nina mafua, mstari mkubwa tutaona."

Nyimbo za fungu la kwanza zilitoka vizuri mpaka nikasahau kuogopa. Uji ulitukanwa, kanzu ikatukanwa. Penye mstari mkubwa binti alijaribu, sauti ikamkatika, watu wakausubiri kwa heshima kisha wakaendelea. Bi Mwanasha alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo wa pembe, macho ameyafumba.

Kisha ukafika wimbo wa kwanza wa fungu la pili, ule ambao kukeni ndio wanaoanza. Kukeni walikuwa wakingoja herufi za mlalo. Kuumeni, kwa kishindo, wakaanza:

"Mama mkwe ana ulimi, mrefu kama wa nyoka!"

Mama wa bwana harusi alikuwa mstari wa mbele, na aliimba kwa nguvu kuliko wote. Alifika "nyoka" ndipo akasimama. Akakitazama kijitabu. Akamtazama jirani yake.

"Mama mkwe si mimi?" akauliza.

Kukeni nao hawakujua la kufanya, lakini kijitabu kiliwaambia wajibu, wakajibu:

"Na mtoto wenu mvivu, alala hadi adhuhuri!"

"Mtoto wetu nani?" shangazi wa bibi harusi akapiga kelele. "Si ndiye huyu huyu wetu? Twajitukana wenyewe!"

"Endeleeni tu," mmoja wa kuumeni akasema, "yatoka vizuri!"

Kicheko kikapanda. Lakini si wote waliocheka. Mama wa bwana harusi alikuwa amefunga kijitabu. "Hii ni mbinu," alisema. "Mwatualika ili tujiite nyoka kwa vinywa vyetu?" Upande wa kukeni ukamjibu, upande wa kuumeni ukamjibu aliyejibu, na hazikuwa nyimbo tena. Zamani hapo ndipo Bi Mwanasha angeinua sauti. Nilimwona akifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nami nilikuwa nyuma ya nguzo na kijitabu changu, nikigeuza kurasa, nikiona herufi nene nzuri, za mlalo nzuri, zimejipanga barabara, na sielewi. Nilizibandika zikiwa sahihi. Zilikuwa bado zinaonekana sahihi. Naapa sikuelewa.

Bi Mwanasha aligonga pembe. Kwa kijiti, mara moja, kavu. Hawakusikia. Akagonga tena bila kuacha mpaka uani pakanyamaza. Akainuka, akaenda kwa mama wa bwana harusi, akamshika mkono, akamvuta polepole akamvusha mkeka mpaka upande wa kukeni. Akarudi, akamshika shangazi wa bibi harusi, akamvusha kwenda kuumeni. Kisha akawaashiria wote kwa pembe: vukeni.

"Asemaje?"

"Asema tuvuke!"

"Tuvuke twende wapi?"

"Kule! Mistari yao ndiyo yetu!"

Wakavukana, buibui kwa buibui, wakikanyagana, watoto wakipotea miguuni. Wimbo ukaanza upya. Sasa walioshika herufi nene walikuwa kukeni wakimwita mama mkwe nyoka, na mama mkwe mwenyewe, akiwa na herufi za mlalo, akajibu kuhusu usingizi wa mtoto wao kwa furaha ambayo sijaiona tena kwake.

Lakini katikati ya kuvuka kule watu walikuwa wamepoteana. Wengine walibaki walikokuwa, wengine walirudi kwa sababu ya kiti, na hakuna aliyekuwa na hakika tena yeye ni upande gani. Walipofika kwenye mstari mkubwa, uliopigiwa mstari chini, kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kila mtu alikuwa na hakika nacho. Mstari ule haukuwa mnene wala wa mlalo. Haukuwa wa kule wala wa huku. Hawakumngoja binti. Wakauimba wote:

"Ndoo mwana, ndoo, nyumba ni zako mbili."

Ua mzima. Bi Mwanasha alikuwa amesimama katikati ya mkeka, hakugonga pembe, na midomo yake ilikuwa ikitamka pamoja nao.

Siku iliyofuata nilifika dukani kabla ya mwenye duka, nikafungua faili lililounganishwa, nikabofya juu ya mama mkwe na ulimi wake. Pembeni pakaandikwa "Kwanza". Nikafungua faili la fungu la pili, nikabofya mstari ule ule. "Kwanza". Jina moja, lakini hapa nene, kule mlalo. Nilikaa nikilitazama mpaka Mzee Charo akaja na chai yake. Nikamweleza, na katika kumweleza nikaanza kupotea tena.

Alisikiliza, akameza chai.

"Kumbe herufi zako hazihami na nguo zao," alisema. "Zinahama na jina. Zikifika, mwenyeji anauliza, nani wewe? Mimi Kwanza. Haya, kina Kwanza hapa wanavaa hivi. Anazivisha."

Sijapata kusikia maelezo bora, wala kitabu cha mashine nyingine hakikuwa nayo. Ndiyo hivyo hivyo hadi leo. Mkihamisha maneno yenye staili kwenda kwenye faili lenye staili ya jina lile lile, faili mwenyeji ndilo linaloamua. Zipeni staili zenu majina ambayo hayapatikani kwingine. Si "Kwanza". Andikeni "Kuumeni", andikeni "Kukeni". Na baada ya kusoma kinyumenyume, someni tena kwa mbele, kama mtu anayetaka kujua nani anamwambia nani.

Bi Mwanasha alipoingia dukani wiki ile nilikuwa tayari na nakala mpya, imerekebishwa yote, nimeisoma mbele na nyuma, na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga kichwani. Niliyasema yote. Akafunua nakala mpya, akatazama, akanirudishia. Akaniashiria niinamishe sikio.

"Hii haina kuvuka."

"Bi, hii ndiyo sahihi."

"Naiona. Hebu nipe ile."

Tangu siku hiyo wamekuwa wakija, wa Kibokoni, wa Kuze, hata wa Buxton. Hawaombi kijitabu cha Bi Mwanasha. Wanaomba "kile cha kuvuka". Mabinti wadogo wanadhani ndivyo vugo lilivyokuwa tangu enzi na enzi: katikati ya nyimbo pande mbili hubadilishana, huvurugika, kisha wote huimba mstari wa Bibi kwa pamoja. Nilijaribu kumweleza mmoja, akanionea huruma kwamba sijui mila.

Kwenye diski yenye kibandiko cha kijani mtakuta faili mbili. Moja inaitwa "Vugo". Wakija, wapigieni hiyo chapa kama ilivyo, na nawaomba, msiinakili kokote. Ya pili inaitwa "Vugo Sahihi". Haina kosa hata moja. Hakuna aliyewahi kuiomba.